Bastola ya Mwenyekiti

Mwaka ule nilikuwa nasafisha jengo la chama cha watu wenye bastola. Lilikuwa ghala la zamani huko Anderlecht, Brussels, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka metro, kati ya duka la matairi na bohari ya vinywaji. Nje hapakuwa na maandishi yoyote, mlango wa chuma tu na kengele. Chini palikuwa na chumba kirefu cha kulenga shabaha. Juu palikuwa na ukumbi wa mikutano, baa ndogo, ofisi na choo kimoja. Wanachama hawakuwa wawindaji. Walikuwa watu wenye kibali cha kubeba bastola iliyofichwa chini ya nguo kwa sababu ya kazi zao: masonara, walinzi wa watu wakubwa, polisi wastaafu, pamoja na wakufunzi wao.

Nilikuwa na miaka ishirini. Shule yangu ni ya msingi tu, ya Kivu, na hata hiyo vita viliikata mara mbili. Lakini mwezi wa tano nilikuwa nimepata nafasi ya kujifunza kazi ya kutunza wazee, mafunzo yaanze mwezi wa tisa. Walinikubali bila diploma. Walitaka kitu kimoja, karatasi ya komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, inayosema kwamba sina kosa lolote kwa polisi. Karatasi yenyewe ilitakiwa iwe mpya, kwa hiyo nilipaswa kuichukua mwisho wa Agosti. Nilikuwa nikipiga deki huku nahesabu wiki.

Naandika nikiwa na hasira. Watu wa kanisani wanasema hasira ni moto, uiache izime. Mimi naona kuna moto ambao mtu anauacha uwake ili aone alipo.

Aliyenipeleka pale kazini ni mtu tuliyemwita Tonton, yaani mjomba. Si ndugu wa damu. Ni mtu wa Lubumbashi, amekaa Brussels miaka mingi, na alikuwa anasali na maman, mama yangu, kanisa moja. Alianza kama mlinzi wa maduka. Sasa alikuwa mkufunzi mkuu wa chama na makamu wa mwenyekiti, Mwafrika pekee kwenye meza ya viongozi. Akipita Chaussée de Wavre, watu wa maduka ya vitenge walitoka mlangoni kumsalimu na kumwita chef, yaani mkubwa. Maman peke yake ndiye aliyemcheka.

"Tonton yako anavala koti mu juillet," alisema, "sawa muntu ya malaria."

Ni kweli, hata kwenye joto la mwezi wa saba hawavui koti, ili bastola isionekane. Nilijifunza tabia zao haraka. Wakikumbatiana wanagusana bega moja tu, lile lisilo upande wa bastola. Kwenye baa kila mmoja anataka kiti cha ukutani, asiwe na mtu nyuma yake, mpaka wazee wazima wanagombea viti kama watoto. Na wapo waliopenda kunitania. Mmoja alisema, "Wewe tu humu ndani huna silaha." Mwenzake akamjibu, "Ana ufagio, kaa mbali." Nilikuwa nikiinamisha kichwa na kuendelea kufagia maganda ya risasi. Sikujua kucheka na watu. Hata leo sijui vizuri.

Kuna kosa moja ambalo ni lao peke yao. Bastola hukaa kwenye mkanda. Mtu akienda haja kubwa anafungua mkanda, na bastola inalegea pamoja na ala yake. Wengine basi huitoa na kuiweka juu ya kisanduku cha karatasi za choo, wakimaliza wanavuta maji, wananawa, wanaondoka. Wakufunzi walikuwa wakilikemea hilo tangu somo la kwanza. Bastola haiachani na mwili, walisema, iweke ndani ya suruali yako iliyoshuka, katikati ya miguu, uone kama utaweza kusimama na kuisahau. Nilikuwa nikilisikia somo hilo kila mwezi nikifuta madirisha. Naweza kulifundisha.

Mwenyekiti alikuwa na dawa ya makosa. Aliutundika kwenye korido ubao mweusi wa shule, ulionunuliwa kutoka shule iliyofungwa. Mwanachama akikosea na silaha, jina lake liliandikwa pale kwa chaki, na kosa lake mbele ya jina, nalo lilikaa mpaka mkutano wa mwaka. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mwenyekiti alisimama mbele ya ubao akasoma kwa sauti. Siku yangu ya kwanza kazini alinionyesha kwa kidole. "Safisha vyote," alisema, "isipokuwa huu. Huu haufutwi na maji, unafutwa na aibu."

Wengine walicheka. Alipenda maneno kama hayo. Alikuwa ameuza saa za thamani maisha yake yote, mtu mrefu, sauti laini, nywele nyeupe zilizochanwa nyuma. Hakuwahi kunigombeza na hakuwahi kuniuliza jina. Mwaka ule palikuwa na mzee mmoja sonara ambaye jina lake lilikaa ubaoni tangu majira ya baridi kwa sababu alisahau risasi ndani ya bastola aliyodhani tupu. Hakuna aliyeumia. Mara mbili nilimwona mzee yule akisimama koridoni huku jina lake linasomwa, mikono nyuma, kama mtoto wa darasa la pili. Mara ya tatu hakuja, na hakuja tena.

Mkutano wa mwaka ulikuwa Jumamosi, mwezi wa sita mwishoni. Saa nne asubuhi wanachama walianza kuingia, wengine na wake zao na watoto, kwa sababu baada ya kuchagua viongozi palikuwa na chakula. Niliambiwa nibaki nipitie choo kila baada ya nusu saa. Mkutano ulipoanza na korido ikawa tupu, niliingia na ndoo yangu.

Bastola ilikuwa juu ya kisanduku cha karatasi, ndani ya ala yake ya ngozi, mdomo umeelekea ukutani.

Niliitambua. Mpini wake ulikuwa wa mbao yenye rangi ya asali, na hakuna mtu katika jengo lile ambaye hajaonyeshwa mpini huo. Ilikuwa ya mwenyekiti. Kupitia ukuta nilisikia sauti yake ukumbini. Alikuwa anawaeleza watu kwamba chama kinaishi kwa nidhamu.

Sikuigusa. Mambo mengine ya siku ile yanaweza kupotea, hilo lisipotee. Kwetu mtoto hujifunza mapema kwamba kitu kile hakiokotwi, hata kikikaa njiani kama jiwe, kwa sababu mwenyewe atarudi, na atamkuta nacho nani? Nilirudi nyuma na ndoo, nikavuta mlango. Mlango ule ulifungwa kwa ndani tu. Kwa nje haukuwa na ufunguo. Nikaweka mbele yake kile kibao cha njano cha sakafu yenye maji, kisha nikasimama nyuma ya kibao, mgongo wangu mlangoni.

Ungekuwa wewe, labda ungeingia ukumbini ukaita. Nilifikiri hivyo. Lakini kutoka pale mpaka ukumbini ni hatua ishirini, na mlango ungebaki bila mtu, na watoto walikuwa wanakimbizana koridoni. Halafu niliona watu wale wote wakigeuka kunitazama na Kifaransa changu kikikauka mdomoni. Nilimwandikia Tonton kwenye simu: *Tonton kuya. Kuko bunduki ya président mu choo.* Hakujibu. Kwenye mkutano walizima simu, ndiyo sheria yao. Nikasimama.

Wanaume wawili walikuja, mmoja baada ya mwingine. Niliwaambia choo kimeharibika, wakarudi. Kisha akaja mtoto wa kiume wa miaka kama sita, amebana miguu, na baba yake nyuma, mlinzi mwenye shingo nene niliyekuwa nikimwona Jumatatu kwenye mazoezi.

"Fungua, mtoto anataka kukojoa."

"Kimeharibika, bwana."

"Anakojoa tu. Fungua."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Umesimama hapo kama mlinzi wa mfalme. Sogea."

Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Mtoto alikuwa ananitazama. Nilijua nikisema kuna bastola ndani, mtoto atasikia, na mtoto wa watu wale akisikia bastola hukimbilia kuiona. Nikafungua mdomo, nikaweza neno moja tu. "Hatari."

"Hatari ya nini, maji?" Akanisukuma bega kwa vidole viwili. Nikarudisha mgongo mlangoni na kushika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. Mtoto akaanza kulia, na mkojo ukashuka kwenye suruali yake nyeupe mpaka kwenye soksi.

Baba yake alinitukana. Sitaandika alivyosema. Alisema pia kwamba ataandika malalamiko kwa viongozi, kwa barua, siku ile ile. Alimbeba mtoto, na mtoto alipita akinitazama juu ya bega la baba, kwa chuki safi kabisa ambayo nilistahili machoni pake. Hilo bado linaniuma kuliko matusi.

Nilisimama pale karibu saa nzima. Mwenyekiti alimaliza hotuba, wakasomwa wagombea, watu wakapiga kura, kisha wakapumzika ili zihesabiwe. Ndipo Tonton alipowasha simu, akaja mbio, koti linapepea.

"Iko wapi?"

Nilimwonyesha. Aliingia, akatoka akiwa amefunga kifungo cha koti, na upande wa kushoto wa tumbo lake ulikuwa umevimba kidogo. Ukumbini wakapiga makofi. Mwenyekiti alikuwa amechaguliwa tena.

"Umegusa?"

"Hapana, Tonton."

"Umeambia muntu?"

"Hapana."

"Bon. Mutoto muzuri." Alinipapasa kichwa. "Haukuona kitu. Ni sawa vile, unasikia? Ile muzee amechoka tu, alikuwa na mawazo ya élection."

Nilikubali kwa kichwa. Nasema hili pia, kwa sababu nisingetaka kujipamba. Pale nilikuwa tayari kunyamaza, na ningenyamaza mpaka leo.

Nyumbani nilimweleza maman. Alikuwa ametoka kazini, anasafisha ofisi za maghorofa karibu na stesheni ya Gare du Nord, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Tonton, "Uligusa?"

"Sikugusa."

"Alors nyamaza. Tulikimbia batu ba silaha na miguu, mi na weye, na mizigo ku kichwa. Usisimame mbele yabo tena. Chukua karatasi yako ya komini, enda kwa bazee bako, bakuitage mwanangu. Ile inatosha."

Maman hakukosea. Ningemsikiliza kama wao wangetuacha.

Jumatatu nilifika saa nane mchana. Jina la sonara lilikuwa limefutwa, kama desturi baada ya mkutano wa mwaka. Ubao ulikuwa na mstari mmoja mpya, chaki nyeupe, mwandiko mzuri wa mwenyekiti. Ninasoma Kifaransa polepole, kwa hiyo nilisimama pale na koti langu mkononi mpaka mstari ukaisha. Uliandikwa hivi: *Msafishaji. Alihamisha silaha ya mwanachama bila ruhusa.*

Hata jina hakuliweka. Hakuwahi kuliuliza.

Tonton akatoka ofisini. "Ah, umefika. Kuya, kuya, ni petite affaire, neno ndogo tu."

Ofisini walikuwa watatu. Mwenyekiti alikaa nyuma ya meza. Katibu, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alikaa pembeni na kompyuta. Tonton alisimama dirishani. Mezani palikuwa na karatasi moja na kalamu. Mwenyekiti alizungumza Kifaransa cha taratibu, kile cha kuongea na mgonjwa.

"Tumepokea barua ya mwanachama. Anasema ulimzuia mtoto wake kuingia chooni. Sheria yetu inasema kila barua lazima iandikiwe sababu, na kila sababu lazima iwe na mtu. Unaelewa?"

Nilikubali kwa kichwa.

"Tumeandika kwa wema kabisa. Nilikuwa nimeihifadhi silaha yangu mahali salama. Ukiwa unasafisha, uliihamisha, bila nia mbaya. Ukaogopa, ukafunga mlango. Basi. Hakuna atakayekuadhibu. Weka sahihi."

Nilimtazama Tonton. Alikuwa anatazama matairi ya jirani.

"Sikuihamisha," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, katibu akauliza nimesema nini.

"Anasema anaelewa," Tonton akajibu.

Nikageuka. Nadhani ni hapo hasira ilipoingia, na haijatoka. Nilikuwa nimeshazoea kutosikika. Lakini kusikika, halafu mtu wa lugha yangu akayageuza maneno yangu mbele yangu akidhani sitajua! Nikamwambia kwa Kiswahili, "Tonton, sikusema vile."

Akaja karibu, akanishika kiwiko, akaongea chini chini na kwa haraka.

"Sikiliza, mutoto. Ile muzee njo alinipa hii nafasi. Kama jina yake inaenda ku ubao, atatoka, na mi natoka naye, na hakuna Mweusi mwingine atakaa ku ile meza. Weye uko mufanyakazi wa usafi, hauna cha kupoteza. Weka signature. Karatasi itakaa mu tiroir ya ile meza, hakuna muntu ataisoma."

"Kama hakuna atakayeisoma, kwa nini mnaitaka?"

Sijui nilikotoa jibu lile. Alirudi nyuma kidogo.

"Anasemaje?" mwenyekiti akauliza.

"Anataka kuisoma kwanza," Tonton akasema, na safari hii nilimwacha, kwa sababu lilikuwa wazo zuri.

Nikaketi, nikaisoma. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Ninasoma kwa kidole, neno kwa neno, na neno nisilolijua nalirudia. Katibu alivua miwani akaivaa tena. Mwenyekiti alitazama saa yake, saa nzuri sana. Kwenye mstari wa nne niliitwa mtu asiyejua hatari ya silaha. Kwenye mstari wa kumi iliandikwa kwamba nimekiri kwa hiari yangu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba nakala itapelekwa kwa mamlaka inayohusika ikiwa itaombwa.

Niliweka kidole pale. "Mamlaka inayohusika ni polisi?"

Katibu alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Ni maneno ya kawaida tu."

"Ni polisi?"

"Ikiombwa. Haitaombwa." Kisha sauti ikapoteza ulaini kidogo. "Na usipoweka sahihi, msichana, itanibidi niwapigie mwenyewe niwaambie kwamba mtu asiye na kibali alishika silaha yangu. Sasa chagua lililo bora kwako."

Kwa hiyo niweke sahihi au nisiweke, mwisho wa Agosti ningesimama kwenye dirisha la komini na karatasi yangu ingetoka na doa. Wazee wasingepewa mtu mwenye doa la bastola. Watu wale watatu walijua doa kama hilo hufanya nini. Tonton alijua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyenisaidia kujaza fomu ya mafunzo, mezani kwetu, akila sombe ya maman, kile kisamvu cha kwetu. Hauna cha kupoteza! Alikuwa ameikunja fomu ile kwa mikono yake mwenyewe akaitia ndani ya bahasha.

Niliinuka. Nilitoka koridoni, nikachukua chaki kwenye kiunzi cha ubao. Nikaandika chini ya mstari wa mwenyekiti. Naandika taratibu, herufi moja moja, na Kifaransa changu si cha kuandika, kwa hiyo nilichagua maneno machache niliyoyajua. *Mwenyekiti. Alisahau bastola yake chooni Jumamosi. Nilisimama mlangoni. Sikugusa.* Mwisho nikaandika jina langu, lote, na la baba.

Tonton alisimama nyuma yangu muda wote. "Acha. Acha, mutoto. Unanipatisha haya. Acha, nakuomba." Hakunishika mkono. Namshukuru kwa hilo, na ndiyo shukrani yangu yote kwake.

Nilikuwa kwenye jina la baba mlango wa chuma ulipolia. Watu wa mazoezi ya Jumatatu walikuwa wanaingia. Wa kwanza alikuwa mlinzi yule mwenye shingo nene, begi begani. Aliniona, uso wake ukakaza. Kisha akasoma. Yeye alisoma haraka. Alimaliza, akarudi juu, akasoma tena, na nikaona rangi ikimtoka shingoni.

Mwenyekiti alikuwa amefika mlangoni mwa ofisi.

"Ni kweli?" mlinzi akamuuliza.

"Ni jambo la ndani, tutalishughulikia kwenye..."

"Mwanangu alikuwa anaingia mle ndani. Nakuuliza, ni kweli?"

Mwenyekiti alivuta mkono wa shati mpaka kwenye vidole akaufuta ubao, mistari yote miwili, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu sita au saba. Mkono wa shati ukawa mweupe. Hakuna aliyeuliza tena, kwa sababu walikuwa wameshajibiwa.

Nilivua aproni, nikaiweka juu ya ndoo, nikatoka. Mlinzi alinipisha njia. Hakuniambia pole. Nilimsubiria mpaka mlangoni, nikidhani labda ataniita, na najichukia kwa kule kusubiri.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa mibaya. Kila barua iliyoanguka sandukuni niliigeuza kwanza kuona kama ni ya polisi. Maman alinigombeza wiki nzima. Kanisani Tonton alikaa upande mwingine. Wapo waliokuja kuniambia nimemwaibisha mtu mzima, mtu wetu, mbele ya Wazungu. Mama mmoja alisema, "Ungeweka tu signature, mwanangu, ingekufanya nini?" Nilikuwa na jibu. Nikamwambia asante tu.

Mwisho wa Agosti nilikwenda komini. Nilichukua namba, nikakaa, namba ikaitwa. Kijana wa dirishani alitafuta kwenye kompyuta yake muda mrefu, au mimi niliona mrefu. Mashine ikatoa karatasi. Mahali pa makosa paliandikwa neno moja: *hakuna*. Nililisoma kwa kidole pale pale dirishani mpaka mtu wa nyuma akakohoa.

Mwenyekiti hakuwa amepiga simu popote. Angepiga vipi? Watu saba walikuwa wameuona mkono wa shati lake. Mlinzi aliondoa barua yake ya malalamiko, nilisikia kwa watu. Lakini mwenyekiti bado ni mwenyekiti na Tonton bado ni makamu. Wanasema ubao umeondolewa, ukuta unapakwa rangi.

Mwezi wa kumi nilikuwa kwenye nyumba ya wazee, wiki ya tatu ya mafunzo ya kazi. Nilikuwa namkausha bibi mmoja mgongo, simu ikatetemeka mfukoni. Nilimfunika taulo, nikatoka mlangoni. Alikuwa Tonton, sauti ya furaha, kama mtu aliyetumwa kualika watu harusini.

"Nimesikia unafanya kazi na bazee! Félicitations, hongera. Unaona? Mi njo niliwaambia bakuache. Président alikuwa anataka kupiga simu kwa polisi, nikamwambia hapana, ule ni mutoto yangu. Nilikulinda, unajua?"

Bibi aliita kutoka ndani kwamba anahisi baridi.

"Hapana, Tonton," nilisema. "Haukunilinda."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu mzima hapana kwa sauti ambayo hakuhitaji kuniuliza nimesema nini. Upande wa pili nikasikia magari ya huko aliko, na mtu akimwita chef kwa mbali.

"Bon," akasema mwishowe. "Bon. Salimia maman."

Nilikata simu nikarudi kumvisha bibi sweta. Jioni maman aliniuliza kama kuna habari yoyote. Nikamwambia hakuna. Salamu zile mpaka leo sijazifikisha.